Pikipiki Kutoka Ng'ambo ya Mpaka: Soma Karatasi Kabla ya Kutoa Fedha



Kahawa imeuzwa, au ndizi, au mtamba. Fedha ipo ndani. Kijana wako anataka pikipiki. Anakuambia kuwa Taveta kuna pikipiki nzuri, imetumika kidogo tu, na bei yake iko chini kuliko ya dukani Moshi. Anasema rafiki yake atamsaidia kuivusha. Je, utampa fedha aende?

Ngoja kwanza. Soma habari hii mpaka mwisho. Kama kijana naye anajua kusoma, mpe asome.

Mimi ni Bwana Shamba. Kazi yangu ni migomba, kahawa na majani ya ng'ombe. Lakini siku hizi nikitoka Soweto, hapa Moshi mjini, na kupanda vijiji vya mlimani, swali la pikipiki naulizwa mara nyingi kuliko swali la dawa ya kahawa. Sababu ipo. Pikipiki inabeba maziwa asubuhi, inabeba majani mchana, na usiku inampeleka mgonjwa zahanati. Imekuwa chombo cha mkulima kama jembe. Tofauti ni kwamba jembe halina karatasi. Pikipiki ina karatasi, na bila karatasi si mali yako hata kama umeilipia.

JUMUIYA NI MOJA, LAKINI NCHI NI NYINGI

Wazee wanakumbuka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Ndugu wa Himo na ndugu wa Taveta wakatenganishwa. Mpaka ulifunguliwa tena mwishoni mwa mwaka 1983. Baadaye mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Arusha mwaka 1999. Umoja wa forodha ulianza mwaka 2005. Mwaka 2016 kituo cha pamoja cha Holili na Taveta kilizinduliwa rasmi. Sasa mtu anayetoka Kenya kuja Tanzania husimama mara moja tu, upande wa Holili, na hapo huwakuta maofisa wa nchi zote mbili.

Kwa hiyo watu husema, "Jumuiya ni moja, hakuna ushuru tena." Maneno haya ni kweli nusu. Nusu nyingine ndiyo inayotia watu hasara.

Sikiliza jinsi ilivyo. Mahindi yaliyolimwa Taveta ni mali ya Jumuiya. Yamezaliwa ndani ya Jumuiya. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani anaweza kupata pale mpakani cheti chepesi cha asili ya bidhaa. Kwa cheti hicho halipi ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizo katika orodha. Hilo ni jambo jema, na akina mama wengi wanalitumia.

Lakini pikipiki haikulimwa Taveta. Tazama pikipiki unazoziona barabarani. Bajaj na TVS ni za India. Haojue na SanLG ni za China. Pikipiki kama hiyo ilipoingia Kenya ililipiwa ushuru wa Kenya, na fedha ile ilikwenda katika hazina ya Kenya. Ikivuka kuja kukaa Tanzania, serikali yetu nayo inadai haki yake. Hata kama pikipiki ilifungwa vipande vyake katika kiwanda cha Kenya, hilo peke yake halitoshi. Lazima kuwe na cheti cha asili kinachothibitisha kuwa inahesabiwa kuwa mali ya Jumuiya. Ukiwa na neno la mwuzaji tu, huna cheti.

Mama mmoja wa upande wa Vunjo aliniuliza swali hili hili. Alikuwa ameuza mtamba wake mwenye mimba, ng'ombe niliyemjua tangu ndama. Mwanawe alinunua pikipiki yenye namba za Kenya, akaivusha usiku kwa njia ya panya, akafanya nayo kazi wiki chache. Siku moja ilisimamishwa barabara ya Himo. Kijana hakuwa na karatasi hata moja yenye jina lake. Pikipiki ikabaki kituoni.

"Bwana Shamba," mama aliniambia, "fedha nilitoa mimi. Mtamba ulikuwa wangu. Wananiulizaje kuhusu Kenya?"

"Mama," nikamjibu, "hawakuulizi kuhusu mtamba. Wanauliza pikipiki iliingia kwa mlango gani."

Jibu hilo halikumfurahisha, nami sikuwa na jingine. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inasema mali iliyoingizwa bila kulipiwa ushuru inaweza kutaifishwa. Hata chombo kilichotumika kuibeba mali hiyo kinaweza kuchukuliwa. Kwa hiyo ukikodi gari la jirani kuvusha pikipiki usiku, unaliweka gari la jirani hatarini pia.

SOMA NAMBA ZA PIKIPIKI

Wewe uliyejifunza kusoma una silaha ambayo wengine hawana. Itumie hapa.

Pikipiki ina namba za aina tatu. Ya kwanza ni namba ya usajili, ile iliyo kwenye kibao cha nyuma. Pikipiki za Tanzania Bara huanza na herufi MC. Zamani zilianza na T kama magari. Za Kenya huanza na KM. Kwetu kibao cha njano ni cha mtu binafsi. Kibao cheupe ni cha biashara, kama bodaboda.

Lakini usikiamini sana kibao. Kibao kinafungwa kwa skrubu mbili, na mwizi ana bisibisi.

Namba ya pili ni ya injini. Imegongwa kwenye chuma cha injini, chini. Ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote. Ni namba ya chesisi. Imegongwa kwenye fremu, karibu na shingo ya usukani. Geuza usukani upande mmoja, futa vumbi na mafuta kwa kitambaa, utaiona.

Namba ya chesisi kwa kawaida ina herufi na tarakimu 17. Zihesabu. Herufi I, O na Q hazitumiki katika namba hii, ili watu wasizichanganye na 1 na 0. Kwa hiyo ukiona kitu cha mviringo, hicho ni sifuri. Namba za pikipiki za Bajaj kutoka India huanza na MD2. Za TVS huanza na MD6. Zilizotengenezwa China huanza na herufi L. Ukiambiwa hii ni Boxer ya Bajaj, na chesisi inaanza na L, uliza vizuri. Kuna jambo.

Pitisha kidole juu ya namba. Chuma kiwe laini kama kilivyotoka kiwandani. Kama kimekwaruzwa kwa tupa, au herufi moja imekaa juu na nyingine chini, au kuna rangi mpya mahali pale tu, rudisha fedha mfukoni na uende zako. Usibishane na mwuzaji. Usiseme hata kwa nini.

Kuna njia rahisi ya kuchukua namba bila kukosea. Weka karatasi nyembamba juu ya namba, kisha isugue kwa penseli iliyolala. Herufi zitatokea zenyewe kwenye karatasi. Ilinganishe karatasi hiyo na kadi ya mwuzaji, herufi kwa herufi. Kenya karatasi ya umiliki huitwa logibuku. Kwetu huitwa kadi. Jina lililo katika kadi au logibuku liwe ndilo jina lililo katika kitambulisho cha mtu anayekuuzia. Kama ni la "mjomba aliye Nairobi", mwambie mjomba aje.

UKITAKA KUIVUSHA KWA HALALI

Inawezekana. Watu hufanya. Lakini ni kazi, na ina gharama. Hesabu gharama hiyo kabla ya kununua, siyo baada.

Pikipiki ipite Holili, au Tarakea kwa mtu wa Rombo anayetoka upande wa Loitokitok. Isipite shambani kwa mtu. Mwuzaji akupe hati ya mauziano na karatasi zake zote za asili, na upande wa Kenya ujulishwe kuwa chombo kinatoka nchini moja kwa moja. Upande wetu utamhitaji wakala wa forodha mwenye leseni. Yeye ndiye hujaza maombi ya kuingiza mali. Uliza bei yake mapema, na uliza mawakala wawili au watatu, kwa sababu bei zao hazifanani.

Ofisa wa forodha hataichukua tu bei uliyotaja. Anayo njia yake ya kukadiria thamani. Juu ya thamani hiyo huongezwa ushuru wa forodha na tozo nyingine. Kisha jumla hiyo yote hutozwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18. Tufanye hesabu ndogo. Kama thamani iliyokadiriwa ni shilingi 1,000,000, VAT peke yake haiwezi kuwa chini ya shilingi 180,000. Hapo hujahesabu ushuru wenyewe, wala wakala, wala usajili, wala nauli zako za kwenda na kurudi Holili mara tatu. Ile bei ya chini ya Taveta sasa iko wapi?

Mimi nasema wazi: mkulima mwenye fedha ya pikipiki moja asinunue pikipiki iliyotumika ng'ambo ya mpaka. Anunue hapa, mpya ikiwezekana, kwa risiti. Anayenunua nyingi na kuijua kazi hiyo ni mtu mwingine, naye ana wakala wake.

Jambo la mtu anayehama ni tofauti kidogo. Wapo ndugu zetu waliofanya kazi Mombasa au Nairobi miaka mingi na sasa wanarudi kulima kihamba cha baba. Sheria ya forodha ina msamaha kwa mtu anayehamisha makazi yake, lakini una masharti. Sharti moja ni kwamba chombo kiwe kimemilikiwa na kutumiwa na yeye mwenyewe kwa miezi 12 au zaidi. Ndugu kama huyo aende forodha kuuliza akiwa bado hajafunga mizigo. Aende na logibuku yake mkononi. Akifika mpakani na lori limejaa makochi na kuku, ameshachelewa kuuliza.

UKAGUZI NA USAJILI

Watu wanauogopa ukaguzi kama wanavyoogopa sindano. Usiuogope. Mkaguzi hufanya mambo mawili. Kwanza anaangalia kama pikipiki ndiyo ile iliyoandikwa kwenye karatasi, na kwamba si mali ya wizi. Ndiyo maana nimekuambia usome chesisi mapema. Pili anaangalia kama inafaa barabarani: breki za mbele na nyuma, taa, taa za kuonyesha unakokata, honi, vioo vya pembeni, matairi. Sisi wa mlimani tusiichukulie breki kama kitu cha kumpendeza askari. Teremka kutoka Kibosho au Kilema siku ya mvua na mikungu minne ya ndizi nyuma, utaelewa.

Baada ya ushuru kulipwa, pikipiki husajiliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Unahitaji namba ya mlipa kodi, TIN, na kitambulisho chako. TIN inatolewa bure. Malipo yote ya serikali hufanywa kwa namba ya malipo, ile vijana wanaiita kontroli namba, benki au kwa simu. Fedha ya mkononi hakuna. Mtu akikuambia, "Nipe hapa hapa nikuharakishie," huyo hakuharakishii wewe.

Ukinunua pikipiki ambayo tayari ina namba za MC, hakuna ushuru wa forodha. Lakini lazima kadi ibadilishwe jina. Hapa ndipo wengi hulala. Wanapeana mkono, wanapeana kadi ya mtu wa kwanza, basi. Miaka inapita. Pikipiki imepita mikono minne na kadi bado ina jina la mtu wa Babati aliyekwisha kufa. Andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili. Wewe na mwuzaji muende TRA na mkataba huo, kadi ya asili na vitambulisho vyenu. Kuna kodi ya uhamisho, ushuru wa stempu na gharama ya kadi mpya. Fanya hivyo wiki ile ile, wakati mwuzaji bado anapokea simu zako. Na ukibadilisha injini au rangi, TRA wajulishwe pia, maana kadi inataja vyote viwili.

Neno moja la kuwapa watu nafuu. Zamani kulikuwa na ada ya kila mwaka ya leseni ya chombo cha moto. Kwa Tanzania Bara ilifutwa mwaka 2017, na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Kwa hiyo mtu akikudai ada hiyo ya mwaka huu, anakudanganya. Bima ni jambo jingine. Bima ndogo lazima uwe nayo kila siku unayotembea.

Anayebeba abiria kwa malipo ana mzigo zaidi. Kanuni za mwaka 2010 ziliruhusu pikipiki kufanya kazi ya abiria, lakini kwa leseni ya biashara hiyo. Msimamizi sasa ni LATRA. Dereva naye awe na leseni ya udereva ya daraja linalohusu pikipiki, na kofia ngumu mbili, yake na ya abiria. Mwaka 2021 faini ya kosa moja kwa pikipiki ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Ni nafuu, lakini makosa matatu kwa siku moja bado ni bei ya kofia ngumu.

UKIENDA KWA SIKU MOJA TU

Labda huendi kununua. Unapeleka vitunguu Taveta na kurudi jioni kwa pikipiki yako ya MC. Hiyo si kuhamia, lakini bado chombo kinatoka nchi moja kuingia nyingine. Beba hati yako ya safari, kadi ya pikipiki na leseni yako. Kadi ikiwa na jina la mwingine, beba barua yake ya ruhusa. Mpakani utapewa kibali cha muda. Soma tarehe yake ya mwisho na urudi kabla yake. Kibali hicho si ruhusa ya kubeba abiria wa Taveta kwa malipo.

Bima yako ndogo ya Tanzania inaishia mpakani. Ng'ambo unahitaji Kadi ya Njano, bima ya nchi nyingi ambayo Tanzania na Kenya zote zimo. Inapatikana kwa kampuni za bima. Wengi huipuuza kwa sababu safari ni fupi. Lakini ukimgonga mtoto wa watu katika nchi ya watu, urefu wa safari hauulizwi.

UKIHAMA MKOA, NA UKIHAMIA ZANZIBAR

Huko India, mtu akihamia jimbo jingine na chombo chake kikakaa huko zaidi ya miezi 12, lazima apate namba mpya ya jimbo hilo. Marekani pia kila jimbo lina namba zake. Sisi wa Bara hatuna taabu hiyo. MC ya Moshi ni MC ya Mwanza na ya Songea. Ukihama mkoa, hakuna usajili mpya. Bodaboda tu ndiye aulize leseni yake ya abiria inaruhusu eneo gani.

Zanzibar ni habari nyingine. Ni nchi yetu moja, hakuna pasipoti, lakini usajili wa vyombo vya moto ni wao wenyewe. Namba zao huanza na Z. Kabla ya kupakia pikipiki kwenye boti, au kununua yenye Z na kuileta huku, nenda uliza TRA na uliza mamlaka za Zanzibar.

NA KAMA TAYARI UNAYO?

Najua wapo wanaosoma habari hii na pikipiki ya namba za Kenya iko nyuma ya nyumba, imefunikwa majani ya migomba. Nakuandikia wewe pia.

Usiiendeshe. Usiifungie kibao cha pikipiki nyingine, na usimwite fundi akusugulie chesisi. Sasa hivi una mali isiyolipiwa ushuru. Ukifanya hayo mawili, utakuwa na kosa jingine juu yake. Usinunue pia kadi kutoka kwa mtu wa kijiweni. Kadi ya bandia inagunduliwa dakika ile ile namba inapotazamwa kwenye kompyuta.

Chukua karatasi zote ulizo nazo, hata kipande cha makubaliano kilichoandikwa kwa mkono. Sugua namba ya chesisi kwa penseli kama nilivyoeleza. Nenda ofisi ya TRA Moshi mjini mwenyewe, bila kuisubiri siku ya kukamatwa, ukaulize idara ya forodha unadaiwa nini. Nenda na mtu mmoja wa nyumbani anayejua kusoma, na omba uandikiwe kiasi. Inawezekana utaambiwa ulipe ushuru na faini pamoja. Inawezekana jumla ikazidi thamani ya pikipiki yenyewe, na utalazimika kuamua kama uilipie au uiache. Uamuzi huo uufanye pamoja na mama mwenye mtamba, siyo kijana peke yake.